Soko la Krismasi Bath (Uingereza): "hiari" ya 12.5% kwenye bili ni wizi wa mchana

Wakuu kwema? Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile za maisha ya majuu. Hasira zangu zinajitegemea.

Tumetoka Bath na familia. Mji wenyewe sina ugomvi nao: mabafu ya Warumi, maji yanayotoka ardhini yakiwa moto wa nyuzi 46 hivi, daraja la Pulteney la tangu 1774 lenye maduka pande zote mbili. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 1987. Tatizo ni wafanyabiashara. Wanajua utakuja tu, kwa hiyo wanakufanya watakavyo.

Kilichonichefua zaidi ni mgahawa mmoja jirani na kanisa la Abbey, siutaji. Tumepigwa baridi kwenye foleni, tumeingia, hata makoti hatujavua tunaambiwa meza ni yetu kwa saa moja na nusu. Haya. Chakula kimekuja kimepoa. Soda ya mtoto haikuja kabisa, ila kwenye bili ipo! Chini yake wamebandika asilimia 12.5 ya huduma, eti ya hiari. Hiari gani hiyo, wakati mtu ameshaijumlisha na amekusimamia na mashine ya kadi, meza ya pili wanakukodolea macho? Nikasema iondoeni. Binti aliyekuwa anatuhudumia akaenda kumwita meneja kana kwamba nimeomba funguo za sefu. Meneja ananihubiria kuwa hiyo ni pesa ya wafanyakazi. Najua, tangu Oktoba 2024 sheria inawabana waajiri wasile bahashishi za watu, na naiunga mkono. Binti ningempa mkononi mwake. Lakini kama ni hiari, mbona nahojiwa? Mama watoto akaona aibu, akagusisha kadi yake, ikaenda yote na soda humo humo.

Soko lenyewe ni vibanda vya mbao kuzunguka Abbey na mitaa ya karibu. Kazi za mikono nzuri zipo, sitadanganya, ila ukisimama kuuliza bei umati umeshakusukuma hadi kibanda cha tatu. Kigari cha mtoto sahau. Na ilikuwa Jumapili, siku ambayo maduka makubwa huku yanaruhusiwa kufunguliwa kwa muda wa saa sita tu, sheria ya 1994 hiyo. Yakifungwa, watu wote wanamwagikia vibandani.

Hoteli ndiyo usiseme. Chumba cha kawaida, bei karibu mara mbili ya ile niliyoiona ya Januari, chumba hicho hicho.

Na msidhani ni Desemba tu. Septemba kuna tamasha la Jane Austen, yule mwandishi wa riwaya wa zamani, watu wanatembea mjini na magauni na kofia za zama zake. Kuwatazama mtaani ni bure, kulala sasa! Huyo mama mwenyewe aliishi Bath kuanzia 1801 hadi 1806, na 1808 akamwandikia dada yake jinsi walivyofurahi kuhama, kama waliotoroka. Nimemwelewa.

Wadau mnaoishi huku, hasa Bristol ambako kwa treni ni kama robo saa: kuna aliyewahi kudai hiyo asilimia akarudishiwa baada ya kadi kukatwa? Unaanzia kwa mgahawa au benki? Risiti ninayo. Na soda naidai pia.