Mwalimu wa uwekezaji anataka pia "kutusimamia" fedha: nimpime vipi?

Kibubu_Kirumba:
Wakuu salaam. Nina milioni 12 zimelala benki na naweza kuongeza laki mbili kila mwezi. Kuna darasa la WhatsApp, ada 350,000. Mwalimu anasema baada ya mafunzo atatununulia hatifungani ya serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) ya miaka 25 yenye 15.95% "bila hatari yoyote" na kutusimamia. Nataka kujifunza kwa watu wenye uzoefu kweli. Nimpime kwa vigezo gani? Na je, hiyo 15.95% ipo?

Broka_Mstaafu:
Mkuu, hapo kuna kazi tatu zimechanganywa. Kufundisha anaweza yeyote. Kushauri kwa malipo na kusimamia fedha za watu ni kazi zenye leseni ya CMSA (Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana), na leseni hizo ni mbili tofauti. Ingia tovuti ya CMSA, tafuta jina la kampuni, kisha angalia iko kundi gani: dalali, mshauri wa uwekezaji au meneja wa mfuko. Kosa la wengi ni kuona cheti cha kozi ya masoko ya mitaji wakadhani ndiyo leseni. Cheti kinaonyesha kwamba mtu amefaulu mtihani, basi. Cheti cha BRELA nacho kinathibitisha tu kwamba kampuni imesajiliwa.

Kisha fuata njia ya pesa. Hatifungani ya serikali inaandikwa kwa jina lako kwenye akaunti ya CDS (daftari la kielektroniki la wamiliki), na riba inaingia akaunti yako ya benki. Vipande vya UTT AMIS (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) vinasajiliwa kwa jina lako pia. Akikwambia utume kwenye namba yake ya simu au akaunti ya "kikundi" ili anunue kwa pamoja, ishia hapo hapo. Hata kama hatifungani itanunuliwa kweli, mwenye mali kisheria atakuwa yeye.

Muulize pia analipwa na nani. Anayepata kamisheni kwa kila mteja atakusukuma kule kwenye kamisheni, hata akiwa mtu mwema.

Hazina_Desk:
Niingie kwenye hiyo 15.95%, maana ndipo watu wanapopigwa.

Hatifungani ya kwanza ya miaka 25 ilitoka 2021 kwa kuponi (riba ya mwaka iliyopangwa) ya 15.95%. Mwaka 2022 BoT (Benki Kuu) walishusha kuponi, na ya miaka 25 ikawa 12.56%. Kwa hiyo ile ya zamani siku hizi unaipata soko la upili, kwa mtu anayeuza, na muuzaji anajua alichoshika. Tuseme anataka shilingi 115 kwa kila 100 ya thamani ya hatifungani. Ukinunua yenye thamani ya milioni 10, unalipa 11,500,000. Kwa mwaka utapata 1,595,000, kwa awamu mbili za 797,500. Gawanya kwa ulicholipa: ni 13.87%, si 15.95%. Na siku ya kuiva unarudishiwa milioni 10, siyo 11.5, kwa hiyo faida halisi iko chini zaidi ya hiyo 13.87.

Hapo hatujagusa riba iliyolimbikizwa. Ukinunua siku 90 baada ya malipo ya mwisho ya kuponi, unamfidia muuzaji riba ya siku hizo: 1,595,000 × 90 ÷ 365 = 393,288. Jumla 11,893,288, bado ada ya dalali. Milioni 12 yako yote imekwisha na hujabaki na nauli.

"Bila hatari" nayo ina walakini. Serikali kukulipa kwa shilingi si jambo la kukunyima usingizi. Tatizo ni kuuza kabla ya muda. Chukua ya miaka 20 yenye kuponi ya 12.10% uliyonunua kwa 100. Soko likianza kudai faida ya 15%, bei inashuka hadi kama 81.7. Ukiuguliwa ukalazimika kuuza, milioni 10 inakuwa milioni 8.17. Mwalimu asiyeweza kukufanyia hesabu hii kwenye karatasi, hana uzoefu wa hatifungani.

Mama_Vipande:
Naongezea tu kwamba mengi ya hayo yanafundishwa bure, kaka. Nenda dawati la hazina la benki yako uliza mnada ujao wa hatifungani mpya ni lini. Unafungua CDS hapo hapo kwa kitambulisho cha NIDA, picha na akaunti ya benki. Kima cha chini ni milioni 1, unaongeza kwa laki moja moja. Mnada ni Jumatano na malipo Alhamisi, ila benki hutaka fomu mapema. Usiweke milioni 1 kamili kwenye akaunti: bei ikitoka 103 kwa kila 100, fedha hazitoshi na ombi linakwama.

Ila sikubaliani na kuanza na miaka 25 kwa mtu ambaye hana akiba ya dharura. Weka kwanza matumizi ya miezi mitatu hadi sita kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT. Hauna ada ya kuingia wala ya kutoka, na ukiomba fedha zinakuja ndani ya siku chache za kazi. Hiyo laki mbili ya kila mwezi nayo inakaa vizuri huko, maana kwenye mnada haitoshi peke yake.

Kibubu_Kirumba:
Shukrani sana wakuu. Je, hisa za DSE (soko la hisa la Dar)? Na yupo mwingine anaahidi 5% kwa mwezi.

Broka_Mstaafu:
5% kwa mwezi ikizungushwa ni karibu 80% kwa mwaka. Mwenye biashara ya namna hiyo hahitaji pesa yako.

Hisa: gharama za kununua ni kama 2%, kuuza 2% nyingine. Bei lazima ipande zaidi ya 4% ndipo uanze kuona faida, kwa hiyo kununua na kuuza kila wiki ni kumlisha dalali. Gawio linakatwa kodi ya zuio ya 5% kwa kampuni zilizoorodheshwa. Na kuna hisa ambazo siku nzima haziuzwi hata moja, hivyo kabla ya kununua mwambie dalali akuonyeshe idadi iliyouzwa kila siku kwa miezi mitatu iliyopita. Akikwepa, tafuta dalali mwingine kwenye orodha ile ile ya CMSA.