Naomba ushauri: nguo za mchana kwenye meli, Mediterania mwezi wa saba

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa saba mimi na mama tunapanda meli ya matembezi pale Barcelona, siku 7: Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo, Valletta, halafu tunarudi. Kila mtu sanduku moja.

Nguo za usiku hazinisumbui. Mchana ndio mtihani. Mama ni mtu wa Tanga, kwake jibu la kila swali ni dera. Kweli linapitisha hewa, lakini juu kwenye sitaha ule upepo si utalijaza kama tanga la jahazi? Nimemshauri avae taitsi ndani, kaninunia.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni siku ya Civitavecchia, maana tutachukua treni kwenda Roma. Kanisa la Mtakatifu Petro hawakuruhusu kuingia mabega au magoti yakiwa wazi, na foleni yake iko juani. Nafikiria suruali pana ya kitani, blauzi nyepesi, na kanga ya kujitanda mlangoni. Inatosha?

Na viatu je? Valletta ni ngazi na vilima, na goti la mama si zima. Raba nzito zitamchosha, ndala nazo zitamwangusha.

Mliowahi kwenda, mlibeba nguo ngapi za mchana? Mlikuwa mnafua chumbani? Nasikia masanduku huchukuliwa bandarini na kuletwa chumbani baadaye, kwa hiyo nguo za kuogelea nitaziweka kwenye begi la mkononi.