Mrejesho: Yule wa kuhama yadi Arusha

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kama nihame yadi ya magari hapa Arusha nikiwa na miezi 5 tu kazini, kisa jirani yetu mwenye yadi kule Sakina kaniahidi kamisheni nono nikamuuzie Land Cruiser. Sijahama. Aliyesema "uliza kwanza mshahara" kaniokoa: nilipouliza, hakuna, ni kamisheni tupu! Na masika hii, watalii wachache, kampuni za safari hazina haraka ya Land Cruiser, ningekula nini? Nimebaki hapa hapa nauza Toyota IST zangu, vigari vidogo. Juzi mteja niliyemsumbua tangu Januari karudi mwenyewe, tena na shemeji yake. Wote wamelipa, kadi za magari zinabadilishwa majina. Bosi bado ananinunia, ila hilo nimeshazoea.