Mrejesho: nyuzi zimejaa nyumbani na bado nataka kununua

Niliwauliza namna ya kujizuia kununua nyuzi za kufuma kila nikipita soko la Kadutu, huku mifuko imejaa chini ya kitanda. Asanteni wamama na wadada mliojibu. Shauri la kwenda bila pesa halikunifaa kitu: muuzaji ananijua, ananikopesha! Kilichosaidia ni kupima vibaki vya nyuzi kwa mizani. Kofia ya mtoto mchanga haifiki gramu 50, basi vile vibaki vya rangi rangi navifuma kofia za mistari, na baridi hii ya Bukavu, majirani wanaojifungua wanazigombania. Ila uzi wa sweta nanunua wote siku moja. Namba ya mkupuo wa kutia rangi kwenye karatasi ya uzi ikibadilika, hata kama rangi ni ile ile, mkono mmoja unakuwa na wekundu mwingine. Hapo sijizuii, mnisamehe.