Nimeuziwa modeli ya ndege ya VC10 ya BOAC (shirika la zamani la Uingereza) iliyopakwa rangi, nikaambiwa ni Super ya East African!

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Nimeliwa 380,000, na hela ndiyo inayoniuma kidogo kuliko yote.

Miezi minne nimetafuta Super VC10, ile ndege ndefu ya abiria ya East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania: modeli ya chuma ya skeli 1:200 (ndogo mara 200 kuliko ndege halisi), yenye namba ya usajili 5H-MOG. Wakusanyaji mnajua kwa nini namba hiyo. Shirika lilinunua Super VC10 tano na usajili ukagawanywa kwa nchi zote tatu: 5X Uganda, 5Y Kenya, 5H kwetu Tanzania. 5H-MOG ilipokelewa 1970, na ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 ndege ikarudi Uingereza, jeshi lao la anga likaigeuza ya kujazia ndege nyingine mafuta angani, na ikaendelea kuruka hadi 2013. Ndege yetu hiyo!

Sasa Mzee wangu alikuwa mpakiaji mizigo uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, enzi hizo. Modeli ilikuwa zawadi yake, nilitaka aiweke pale sebuleni karibu na redio.

Muuzaji wa hapa hapa Dar akanihakikishia ni toleo la kiwandani, halijaguswa. Nikalipa yote. Jumapili nikampelekea Mzee. Akavaa miwani, akaigeuza taratibu, akapitisha kidole gumba upande wa kushoto nyuma ya chumba cha rubani, akarudia tena. Kisha akauliza, "Mlango wa mizigo uko wapi?"

Nikamuuliza mlango gani, baba.

"Super zetu zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo hapa mbele. Nimepakia humo mpaka mgongo ukaharibika. Hii siyo, mwanangu." Akaiweka mezani, halafu akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi, kwa kuwa ameniona nimenyong'onyea.

Niliporudi nyumbani nikachukua rula ya binti yangu. Super VC10 ina urefu wa mita 52.3, kwa hiyo kwenye 1:200 inatakiwa ifike sentimita 26 na kidogo. Hii imeishia 24.2. Huo ni urefu wa VC10 ya kawaida, ile fupi, ambayo haikuwemo katika zile tano. Nikakwangua mkia kwa ukucha, rangi ikabanduka, chini yake bluu iliyokolea na chembe za dhahabu. Mkia wa BOAC huo! Na yule simba wa East African ni stika tu, pembeni imeshaanza kunyanyuka.

Kupaka modeli upya ni ufundi, na humu wamo wanaoufanya vizuri mno. Angeniambia "nimeipaka mwenyewe, na ni ile fupi," tungeelewana bei, pengine ningeichukua. Lakini kuniapia kwamba ni ya kiwandani, akijua fika alichokifanya kwa brashi yake, huo ni wizi. Nilipomtumia picha ya rula alinijibu, "Kaka, ndege ni ndege, nani atapima?" Nikapiga simu, hapokei. Jana ameniblock.

Nani atapima? Atapima mtu aliyebeba masanduku kupitia mlango huo akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hizi ndege wengi wetu hatukuzipanda, tumebaki na picha chache na wazee wachache wanaozikumbuka, halafu mtu anatuuzia uongo juu ya hicho kidogo kilichobaki.

Namba yake siiweki hapa. Nampa hadi Ijumaa arudishe hela, asiporudisha naenda polisi na meseji zote pamoja na risiti ya malipo.

Na mwenye Super halisi ya 5H-MOG, hata kama boksi limechakaa, ani-PM. Ila picha ya kwanza naomba iwe imelazwa juu ya rula, na ya pili ionyeshe upande wa kushoto mbele.