Nimelipa laki 8 na 70 kutibu jino moja, bado linauma, sasa wanataka waling'oe

MamaAyman
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri maana hapa nilipo shavu la kushoto limevimba na kichwa kinagonga. Mwezi wa pili gego langu la juu lilianza kuuma usiku, ile ya kukosa usingizi kabisa, nikaenda kliniki moja ya binafsi huku kwetu Tabata, pazuri, vigae vinang'aa, nikapigwa eksirei nikaambiwa jino limeoza hadi kwenye neva ila linaokolewa, watatibu mizizi halafu watavalisha kofia, lile ganda la bandia la kufunika jino. Mizizi laki 3 na nusu, kofia laki 5, kumuona daktari na eksirei 20,000. Mimi nauza vitenge Kariakoo, sina bima, nikakopa kikoba, mpaka leo narejesha 60,000 kila Jumamosi.

Tangu nivalishwe hiyo kofia sijawahi kutafuna upande huo. Meno yakigusana tu machozi yananitoka. Nimerudi mara 4. Mara ya kwanza nikapewa kikaratasi cha bluu ning'ate, daktari akaisugua kofia kidogo akasema nitazoea. Mara ya pili na ya tatu ni dawa, amoksilini, flajili na diklopa, nikimeza napata nafuu siku 5 halafu yanarudi yale yale, na kila nikiingia mlangoni 10,000 ya kumuona daktari. Sasa kimeota kijipu kwenye ufizi juu ya hilo jino, kidogo kama punje ya mtama, nikikibonyeza yanatoka maji ya chumvichumvi yananuka. Juzi daktari kaangalia dakika 2 anasema jino limeshindikana, ling'olewe nipandikizwe jingine la skrubu, milioni 2 na laki 8. Hata pole hakusema. Nikaomba picha zangu za eksirei dada wa mapokezi akaniambia ni mali ya kliniki. Risiti niliyonayo ni ya kitabu, imeandikwa "matibabu ya meno" basi.

Nikubali ling'olewe? Na hela yangu naweza kuidai au ndio imeshaenda?

MtuWaKibada
Dada pole sana yaani nimesoma nikasikia maumivu mwenyewe. Usikubali kung'oa kwanza. Mimi 2019 nilichoka na safari za kliniki nikasema ng'oeni yaishe, la chini kulia, hakuna aliyeniambia kwamba jino la nyuma litalalia kwenye pengo na la juu litaanza kushuka, sasa hivi nyama ikinasa pale natoa jasho na ugali naula upande mmoja tu. Nenda Muhimbili pale kwenye shule ya meno ya MUHAS, kile chuo cha madaktari, wanafunzi wanatibu lakini walimu wao wanakagua kila hatua, foleni ipo ndio, toka nyumbani alfajiri ubebe na maji.

KinywaKwanza
Mimi ni daktari wa meno, sijakuona kwa hiyo siwezi kukuambia tatizo ni hili, ila nakueleza cha kuuliza. Gego la kwanza la juu lina mizizi 3, lakini mara nyingi njia za ndani ni 4, ile ya 4 ni nyembamba sana na inajificha, asipoitafuta kwa makusudi anaiacha na uchafu wake, anaziba juu, anavalisha kofia, na wadudu wanaendelea kuishi mle ndani. Kijipu kinachotoa maji ni usaha umejitafutia pa kutokea. Ndio maana dawa zinakupa siku 5 tu, dawa inasafiri na damu, na jino lililotolewa neva damu haiingii tena ndani yake, kwa hiyo dawa inatuliza kilichotoka nje na chanzo kinabaki pale pale. Kutoa dozi mara 2 bila kupiga eksirei nyingine mimi sikubaliani nako kabisa.

Mizizi inaweza kutibiwa upya, mara nyingine kwa kutoboa juu ya kofia hiyo hiyo. Muone bingwa wa kutibu mizizi ya meno, siyo yeyote tu. Lakini kuna hali moja ambayo daktari wako atakuwa sahihi, mzizi ukiwa umepasuka wima hilo jino mara nyingi halina tiba, linang'olewa. Hilo halijulikani kwa kuangalia dakika 2. Unapimwa ufizi kuzunguka jino kwa kichuma chembamba chenye alama za milimita, unapigwa eksirei kwa pembe tofauti, ikibidi ile ya 3D.

Picha zako zitafute kwa nguvu zote. Ya kabla, ya katikati ya kupima urefu wa mizizi, na ya mwisho. Kwenye ya mwisho ule mstari mweupe wa dawa ya kuzibia unatakiwa ufike karibu na ncha ya mzizi. Ukiishia nusu hata wewe utauona kwa macho yako.

Swali moja, kati ya kumaliza mizizi na kuvaa kofia ulikaa muda gani?

MamaAyman
Dokta asante sana, Mungu akubariki. Nilikaa wiki 6 hivi nasubiri zamu yangu ya kikoba. Na kile kizibo cha muda kiliwahi kumeguka kikakaa wazi kama siku 10, niliwapigia simu wakaniambia njoo tu siku ya kofia.

Mzee wa Upanga
Hapo sasa ndio nilikuwa nangoja, maana watu huwa tunakimbilia kumlaumu daktari. Siku 10 jino liko wazi mate yanaingia, mizizi inachafuka upya hata kama alisafisha vizuri. Na hii tiba hata kwa bingwa mkubwa kuna meno hayaponi. Mimi nyumbani kwangu nina watu watatu waliofanyiwa tiba hii, wawili wako sawa, mmoja lilikuja kung'olewa na hatukudai hela ya mtu.

KinywaKwanza
Mzee nakuheshimu lakini alipiga simu. Mgonjwa akisema kizibo kimetoka jibu ni njoo leo, kukiweka upya ni dakika 15. Na kabla ya kuvalisha kofia ya laki 5 juu ya jino lililokaa wazi, ilibidi ahakikishe mizizi iko salama. Hilo ni la kwake.

Mzee wa Upanga
Hilo la simu nakubali, hapo walimkosea.

BintiKisauni
Pole dadangu. Mimi niko Mombasa, yalinipata kama hayo kwa meno ya daraja, yalivunjika mwezi wa pili tu na nililipa pesa nyingi. Huku kwetu kuna KMPDC, lile baraza la madaktari na madaktari wa meno, nikaandika barua kwa kliniki kwanza, tarehe zote, kila shilingi niliyotoa, nikasema nikikosa jibu kwa siku 14 napeleka kwa baraza. Sikufika huko, walinipigia wenyewe. Usiende kugombana pale kaunta, yule msichana hana uwezo wa kukurudishia pesa, na ukipaza sauti wewe ndio utaonekana mkorofi.

Karani_Ilala
Kwa Bongo ni Baraza la Madaktari Tanganyika, lipo chini ya sheria ya 2017 ambayo inawahusu na madaktari wa meno, barua inaenda kwa Msajili. Barua ya kliniki iandike nakala 2, ya kwako wagonge muhuri wa kupokea na tarehe. Dai vitu vitatu, picha na maelezo ya matibabu, mchanganuo wa hela, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, maana hiyo ya kitabu haitoshi. Tena usije ukaitaja kliniki hapa wala kumpiga picha daktari ukaweka mitandaoni, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kesi yako nzuri itageuka ikawa yao.

MamaAyman
Wakuu mrejesho. Barua nilipeleka, dada wa mapokezi aligoma kugonga muhuri nikakaa kwenye benchi toka saa 3 mpaka saa 7 na nakala yangu mkononi, mwisho meneja akatoka akagonga. Baada ya siku 6 wakanitumia picha WhatsApp. Ni 2 tu, ya kabla na ya mwisho, ya katikati hakuna.

Nikaenda Muhimbili. Daktari mwanamke mtaratibu sana, alinipima ufizi huku anataja namba na mwanafunzi anaandika, akapiga eksirei mpya, akanigeuzia kioo nione. Mzizi haujapasuka. Kuna njia moja haina dawa kabisa, ni nyeusi mwanzo mpaka mwisho, na nyingine imeishia nusu. Wametoboa kofia wameanza kusafisha upya, jana nimelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa 4, kijipu kimenywea. Kofia yenyewe daktari amesema haijakaa vizuri, pembeni kuna upenyo chakula kinaingia, itabidi nyingine mbele ya safari.

Picha mpya nikapeleka kliniki. Meneja amekubali kurudisha laki 3 na nusu ya mizizi ila kofia hapana, na wanataka nisaini karatasi kwamba sina madai yoyote tena. Nimeomba mpaka Ijumaa. Kikoba wananisubiri kwa kweli hiyo hela naihitaji, nisaini?

Karani_Ilala
Usisaini hiyo. Andika ya kwako kwa mkono, "nimepokea 350,000 marejesho ya matibabu ya mizizi, madai ya kofia 500,000 bado yapo", tarehe, saini yako na ya meneja. Wakikataa, barua ya Msajili unaipeleka Jumatatu na hizo picha 3. Nitumie inboksi nikusaidie kuiandika, bure.

MtuWaKibada
Dada, ikifika Ijumaa nenda na mtu mzima mmoja akae tu pembeni. Mimi nipo Kariakoo siku hiyo, ukihitaji sema.