Mrejesho: Kiyoyozi cha kuhamishika, chumba cha mabati Gulu

Wakuu, niliuliza kipi kinafaa chumba cha kulala chenye paa la mabati hapa Gulu, Uganda: kiyoyozi cha kuhamishika au feni ya maji. Asanteni sana mliojibu.

Nilimsikiliza aliyesema feni ya maji haipunguzi joto mvua zikianza, hewa ikishajaa unyevu. Nikachukua kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), chenye bomba moja la kutupa nje hewa moto ya chumbani. Dirisha langu ni la luva, kwa hiyo kile kibao cha plastiki kinachokuja na mashine hakikukaa kabisa. Fundi alitoa vioo kadhaa, akaziba kwa plaiwudi yenye tundu. Kazi kubwa ilikuwa hapo, wala si kwenye mashine! Bomba sikulivuta lote, na nimelizungushia blanketi kuukuu maana lenyewe linatoa joto.

Usiku tunalala vizuri. Mchana wa Februari, hapana: joto la mabati linakishinda kiyoyozi, na kwa kuwa kinatupa hewa nje, hewa moto nyingine inavutwa ndani kupitia chini ya mlango. Dari niliyoshauriwa bado sijaweka. Kelele ipo, mama watoto analalamika. Yaka (umeme wa kulipia kabla) nayo inakimbia, zaidi kidogo ya yuniti moja kwa saa kompresa ikiwaka, kwa hiyo naitegesha mashine ijizime saa saba usiku.